Barakoa ya Kipanga

"Uzbekistani ni elfu tatu na mia tano kwa kichwa," alisema Bu Jarrah, akihesabu kwa punje za tasbihi. "Dinari hizo, Kapteni, si karanga. Kazakhstani ongeza mia nne, baridi ya kule inagandisha mpaka mafuta ya gari na wapishi wanadai posho ya blanketi. Moroko inapita elfu nne, lakini Moroko unalala kwenye hema lenye zulia na unakula kama bwana harusi. Kwa mshahara wa polisi utafika barabara ya Salmi tu, ukawinde panya."

Kapteni Barjas hakucheka, wala hakununa. Ofisi ya Bu Jarrah, mwuza safari za mawindo, ilikuwa ya tano kuingia wiki ile, na kila ofisi ilikuwa na mzaha wake juu ya mshahara wa polisi.

"Na Moritania?"

Tasbihi ikasimama.

"Moritania kwa nani? Kwangu ni elfu tatu na mia mbili. Kwa Bu Faihan ni elfu moja na mia tisa. Mji mzima wa Jahra unajua."

"Jangwa ni lile lile, ndege wa kuwindwa ni yule yule hubara. Mbona bei ni karibu nusu?"

"Wewe ni wa pili kuniuliza hivyo msimu huu," alisema Bu Jarrah.

"Wa kwanza alikuwa Nahar."

"Nahar, maskini. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Nikamtania, nikamwambia, bwana wewe, mahari umeshatoa kwa Bu Faihan, sasa unachungulia nyumba za watu za nini? Akasema hatafuti bei nyingine. Anataka kujua kwenye ile bei ndogo kimekosekana nini."

"Ukamjibu?"

"Nikamjibu kama nitakavyokujibu wewe. Tiketi, magari, mahema, mpishi, hivyo wote tunalipa sawasawa. Vinavyokula pesa ni viwili. Kibali cha kuwinda, na kiongozi wa njia, mwenyeji wa jangwa lile. Bei ya Bu Faihan haina kibali, na haina kiongozi."

"Magari siku hizi yana ramani za satelaiti. Kiongozi wa nini?"

"Ramani inakuonyesha kilima kilipo, Kapteni. Haikuonyeshi pa kuweka mguu." Bu Jarrah alishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu chumbani. "Kule mpakani vita vya zamani viliacha mabomu chini ya mchanga. Mchanga unahama, na mabomu yanahama nao. Kiongozi wangu akisema simama, nasimama hata kama hubara amekuja kukaa juu ya kilemba changu. Na asiye na kibali atawinda wapi? Atawinda pale ambapo askari wa doria hawafiki. Sasa jiulize kwa nini hawafiki."

Barjas alijiuliza, na jibu halikumpendeza.

"Nahar alipoyasikia haya, mbona alikwenda?"

"Nilimwambia asiende. Akasema, nitamtazamaje Bu Faihan mbele ya baraza zima nimwambie nirudishie pesa zangu, sikuamini? Aliona haya, Kapteni. Sisi watu wa Jahra ni watu wa haya kweli kweli. Kuna siku haya itatuzika."

Mpelelezi aliaga, akatoka na maneno hayo kichwani. Mambo aliyoyajua kwa hakika yalikuwa machache, na hakuna hata moja lililokuwa na heri. Nahar, fundi wa pampu za maji, alikwenda kuwinda Moritania pamoja na shemeji yake Dhari, akiwa chini ya Bu Faihan, mtu ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyewapanga watu wa mtaa na kuwapeleka safari za mawindo. Walirudi Kuwaiti wawili na mpishi. Maelezo yao yalifanana mpaka kwenye nukta: Nahar alimrusha kipanga wake, kipanga akavuka vilima, Nahar akamfuata kwa gari, akapotea. Askari wa kule waliitafuta sehemu waliyoelekezwa na Bu Faihan kwa simu, wakapata mchanga mtupu. Kipanga alirudi. Mwenyewe hakurudi.

Aliyelifanya jambo hili liwe kesi ni Wadha, mke wa Nahar. Alikuja kituoni na baibui lake, akakataa kiti, akakataa maji.

"Sitaki pole ya mtu, Kapteni, na sitaki fidia," alisema. "Nataka neno moja. Kila jioni nasimama jikoni sijui nipike chakula cha mtu anayerudi, au nikae eda. Watu wananiambia subiri. Mpaka lini? Mimi ni mke au ni mjane?"

Barjas, kwa kuwa ilibidi aulize kitu, aliuliza habari za kipanga.

"Shaiha? Usinitajie huyo!" Wadha aliwaka. "Nahar aliukata mkoba wangu wa kijani, Kapteni, mkoba niliobeba harusi ya dada yangu, ili amshonee ndege barakoa ya kumfunika macho. Eti kila barakoa ya dukani inamwumiza jicho. Mkoba wangu! Sikusema naye siku mbili nzima." Kisha akakumbuka kwamba siku mbili zile ndizo zilikuwa za mwisho kabla ya safari, akaufunika uso kwa ncha ya baibui, akalia pale pale mbele ya askari wa zamu. Barjas alikuwa na kazi hii kwa muda mrefu, lakini kilio kile kilimwuma.

Ofisini kwake wenzake walikuwa wameshampata mkosaji. Dhari, walisema, nani mwingine? Mara mbili Dhari alitaka kumnunua Shaiha, na mara zote Nahar alikataa kwa kejeli mbele za watu. Sasa Nahar hayupo, na Shaiha amekaa kwa Dhari. Watu wameshauawa kwa vitu vidogo kuliko kipanga mweupe wa kike.

Basi Barjas aliendesha gari hadi Kabd, kwenye mazizi, alasiri yenye vumbi jembamba lililolifanya jua lionekane kama sarafu kuukuu. Dhari alimpokea mlangoni akiwa na glovu ya ngozi mkononi. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa ajili ya vumbi.

"Karibu, Kapteni. Umekuja kunikamata? Naona watu wanavyonitazama msikitini."

"Nimekuja kumwona ndege."

Shaiha alikuwa ametulia juu ya kigingi chake kilichochomekwa mchangani, mweupe mwenye madoa machache mgongoni, kifua kimejaa. Kichwani alivaa barakoa, na barakoa ile ilikuwa ya kijani. Barjas alichuchumaa. Ilikuwa ngozi laini ya mkoba wa mwanamke, imeshonwa kwa uzi mnene na mkono wa mtu aliyezoea kufunga pampu, na pembeni, pale ambapo fundi wa kweli angepakwepa, bado palionekana tundu la kifungo cha dhahabu.

Alibaki amechuchumaa muda mrefu kuliko inavyompendeza mwenyeji.

"Niambie tena siku ile," alisema hatimaye.

"Nimesema mara ngapi?"

"Sema tena, ndugu yangu. Polepole."

"Ilikuwa alasiri. Tulikuwa na magari matatu, kila mtu na lake. Nahar akaona nyayo za hubara, akaenda mbele. Tulimwona kwa mbali anasimama, anamrusha Shaiha. Ndege akavuka vilima vya mawe meusi. Nahar akapanda gari akamfuata. Basi. Hatukumwona tena."

"Hamkusikia kitu?"

"Mlio mmoja. Mbali. Mimi nikasema, hicho nini? Bu Faihan akasema hao ni wawindaji wengine, wana bunduki. Akaniambia nirudi kambini kwa mpishi, yeye atakwenda kumwangalia Nahar. Akarudi magharibi na Shaiha mkononi. Akasema hakumwona Nahar, wala gari lake wala nyayo zake, ila ndege alikuwa anazunguka angani, akamrushia chambo cha manyoya, akashuka. Kesho yake akanipeleka kutafuta. Siku ya pili pia. Hakuna."

"Mlitafuta wapi?"

"Kusini."

"Na vilima viko wapi?"

"Mashariki," alisema Dhari, kisha akakunja uso. "Alisema Nahar lazima alizunguka."

Barjas aliinuka, akajipangusa vumbi magotini. Mpaka hapo Dhari alikuwa amejibu kama mtu anayesoma sala aliyoikariri. Swali lililofuata liliulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Dhari, wewe ni mwindaji toka utoto. Ukitaka kumrusha ndege wako, unafanyaje?"

"Nafanyaje vipi? Namvua barakoa, namwonyesha hubara, namwachia."

"Na barakoa unaiweka wapi?"

"Mkononi. Au mfukoni, hapa kifuani, ili ndege akirudi ni..."

Hakumaliza. Aligeuka kumtazama Shaiha, na glovu ikamwanguka mkononi. Alikuwa amemlisha ndege yule kila siku, amemvua barakoa ile na kumvisha asubuhi na jioni, na jicho lilikuwa limezoea kuiona mpaka ikabaki kuwa barakoa tu.

"Nahar alikuwa na barakoa nyingine ya ndege huyu?" Barjas aliuliza.

"Hapana. Hiyo moja tu. Nyingine zote zilimwumiza." Dhari alikuwa akipumua kwa mdomo. "Bu Faihan alipomleta kambini alikuwa amevaa. Nilimpokea mkononi, amevaa. Wallahi nilimpokea na sikuona."

"Kwa hiyo Bu Faihan hakumkuta ndege peke yake."

"Alimkuta Nahar." Dhari alikaa chini mchangani, na kanzu yake nyeupe. "Alimkuta, Kapteni. Ametoa barakoa mfukoni mwake. Kisha akanizungusha siku mbili kusini, mimi naita jina la shemeji yangu mpaka sauti inakauka."

Aliinama, akalia kwa sauti kama mtoto. Barjas alimngoja. Halafu akamwomba barakoa ile, na Dhari akamvua Shaiha. Ndege akafumbua macho yake meusi, akaitazama dunia, akajikung'uta manyoya.

Kitu kimoja kilimkera Barjas njiani. Barakoa ingewatosha yeye na Dhari, lakini mbele ya hakimu ilikuwa kipande cha mkoba tu. Bu Faihan angesema aliiokota chini. Angesema Nahar aliisahau kambini. Wakili yeyote angelipangua hilo kabla kahawa haijapoa. Na hata akifungwa, akiamua kunyamaza, Nahar atabaki kule kule, na Wadha atabaki jikoni. Jangwa ni kubwa, na mtu mmoja tu alijua pa kuchimba.

Kwa hiyo jioni ile, baada ya sala ya magharibi, Kapteni Barjas hakuvaa sare. Alivaa kanzu safi na kilemba chekundu, akaiacha bastola kituoni, akaenda kwenye baraza la Bu Faihan kama mgeni.

Baraza lilikuwa limejaa. Wanaume waliegemea mito kuta zote nne, viatu vimetapakaa mlangoni, harufu ya udi na iliki juu ya vichwa vyao. Mazungumzo yalikuwa ya msimu, yaani ya bei.

"Uzbekistani wanakuchuna ngozi!" alikuwa akisema Khulaif, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ngamia. "Elfu tatu na nusu, halafu chakula ni supu ya viazi. Mimi Alhamisi nakwenda na Bu Faihan. Elfu moja na mia tisa, na nyama kila siku. Mwenye akili atakwenda wapi tena?"

"Tuko sita Alhamisi," alisema Bu Faihan kwa unyenyekevu wa mtu anayejua anasifiwa. Alikuwa mzuri wa uso, ndevu zimekatwa vizuri, mkono wake ukigawa tende kila upande. Kisha alimwona aliyesimama mlangoni, na mkono ukasita kidogo tu. "Kapteni! Karibu, karibu. Nyumba imepata nuru. Pisheni, mgeni akae kwangu."

Barjas alikaa kulia kwake. Mtu wa kahawa akaja na dele, akamimina kikombe kidogo, akampa. Barjas alikipokea kwa mkono wa kulia, akakitazama, kisha akakiweka chini juu ya zulia bila kukigusa kwa mdomo.

Mazungumzo yakakatika. Mtu wa kahawa alibaki ameinama na dele lake hewani. Hakuna aliyelelewa Jahra asiyejua maana ya kikombe kile. Mgeni ana haja. Hatakunywa mpaka mwenye nyumba aitimize, na mwenye nyumba asiyeitimiza atasimuliwa mpaka kwa wajukuu wake.

"Kapteni ana haja!" Khulaif alipasua kimya kwa kicheko. "Mimi naijua! Wiki nzima anazunguka mjini anauliza bei, Uzbekistani kiasi gani, Moroko kiasi gani. Bu Jarrah ameniambia mwenyewe. Amekuja kuomba apunguziwe, Bu Faihan! Polisi wetu anataka kuwinda!"

Baraza zima likaangua kicheko. Bu Faihan aliwatazama watu wake wakicheka, akamtazama Barjas, na Barjas akainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa. Mabega ya Bu Faihan yalishuka. Wiki nzima alikuwa amesikia kwamba polisi anaulizauliza, na wiki nzima hakulala vizuri. Kumbe ni hili tu. Raha ya kujua ni hili tu ilimpanda kichwani.

"Kunywa kahawa yako, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye viatu. "Unachokitaka umeshakipata. Hata ukitaka bure, umepata. Hawa wote ni mashahidi."

"Mungu akupe umri," walisema watu. "Huyo ndiye Bu Faihan!"

"Ahsante," alisema Barjas. "Nataka unionyeshe alipo Nahar."

Aliingiza mkono kifuani, akatoa barakoa ya kijani, akaiweka juu ya zulia kando ya kikombe.

Wote waliokuwa mle walikuwa wawindaji. Barjas hakulazimika kueleza chochote. Aliona macho yao yakienda kwenye barakoa, yakaenda kwa Bu Faihan, na mikono ya wengine ikijipapasa mifuko ya kifuani bila wao kujua.

"Niliiokota," alisema Bu Faihan.

Aliyekuwa karibu naye alisogea kando na mto wake.

"Kapteni, wewe ni mgeni wangu. Mambo haya yana mahali pake. Kesho nitakuja kituoni na..."

"Umeshasema, Bu Faihan." Ilikuwa sauti ya Khulaif, na haikuwa na kicheko tena. "Mbele yetu. Umesema amepata. Mpe."

Bu Faihan aliwatafuta kwa macho mmoja mmoja, watu aliowalisha na kuwatembeza miaka yote, na kila aliyemfikia alitazama chini. Angeweza kusimama na kutoka. Hakuna sheria iliyomzuia. Lakini hakusimama, kwa sababu ileile iliyomzuia Nahar kurudishiwa pesa zake.

"Nyuma ya vilima vya mawe meusi," alisema, "kuna bonde lenye miti miwili ya mgunga. Gari lilikanyaga bomu kabla hajafika kwenye miti." Aliisukuma kando sahani ya tende. "Gari na yeye, nilifukia na mchanga. Upepo ulinisaidia."

"Ulimkuta amekufa?"

Bu Faihan alitazama barakoa.

"Mguu haukuwepo. Nilimwambia naenda kuita watu. Lakini watu gani? Hatukuwa na kibali. Kiongozi hatukuwa naye, hospitali iko mbali, askari wangetufunga wote. Nikasema nitarudi na Dhari. Nikakaa garini, nikaona siwezi kumwambia mtu. Kesho yake alfajiri, kabla Dhari hajaamka, nilirudi peke yangu, nikakuta ameshakufa."

"Na barakoa?" aliuliza Barjas. "Kwa nini ulichukua barakoa? Ungeiacha tusingejua kamwe."

"Sikuichukua." Sauti ya Bu Faihan ilikuwa ndogo sasa, hata waliokaa mbali wakainama mbele. "Alinipa yeye. Ndege alikuwa ameshuka, amekaa juu ya jiwe karibu naye. Akaitoa mfukoni, akasema mvishe Shaiha, jua litamwumiza jicho. Akasema mpeleke kambini kwanza, mimi nitakungoja."

Mtu mmoja kwenye ukuta wa mbali alianza kusoma Fatiha kwa sauti ya chini. Wengine wakamfuata. Khulaif aliufunika uso kwa kilemba chake.

Barjas aliwangoja mpaka wakamaliza. Kule jikoni kwa Wadha, aliwaza, sufuria leo itabaki kabatini, na yeye ndiye atakayekwenda kumwambia. Kisha aliinua kikombe. Alichokitaka amepewa, na mgeni aliyepewa haja yake lazima anywe. Kahawa ilikuwa imepoa kabisa. Akainywa yote, akakitikisa kikombe kuonyesha imetosha, akamrudishia mtu wa dele.

"Simama, Bu Faihan," alisema. "Vaa viatu."